Nani Alifungua Shokapu?

Siku ya soko Keumbu, mikungu ya ndizi ikiwa imepangwa hadi ukingoni mwa lami, Orwa, akiwa juu ya pikipiki yake, alimkwepa mama mwenye kuku, akashika breki ya mbele, akateleza. Alipoinua kichwa alijikuta amepiga goti mbele ya kibanda cha kutengeneza pikipiki.

"Tumejuana lini hadi unipigie magoti?" sauti ya kike iliuliza.

Mwenye sauti alivaa ovaroli ya buluu, kitambaa cha manjano kichwani na hereni ndogo zilizometameta. Shavuni alikuwa na grisi.

"Fundi yuko wapi?"

"Unamwangalia. Naitwa Bitutu."

Orwa, mzaliwa wa Homa Bay aliyewauzia wakulima dawa za mifugo kutoka duka moja mjini Kisii, alisahau goti lililochunika. Bitutu alimwonyesha oili iliyotiririka kwenye shokapu za mbele, zile nguzo za kupunguza mtikisiko, hadi kwenye breki. Sili, mipira ya kuzuia oili isivuje, zilikuwa zimekatika. Alizing'oa, akapachika mpya taratibu, akamimina oili, kisha akatumbukiza rula.

"Rula ya nini?"

"Oili ikizidi, hewa inakosa nafasi na sili zinafumuka. Ikipungua, utadundadunda hadi meno yagongane. Na pande zote mbili zilingane."

"Kama wapendanao."

"Wewe panda uende!" Lakini alicheka.

Simu zikaanza.

"Jaber wangu, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Nimesikia sauti yako, nimeshiba."

"Muongo wa ziwani!"

Jumapili moja Bitutu alishuka mjini Kisii na gauni la rangi ya damu ya mzee, likimkaa kiunoni sawasawa, na Orwa akawa anamtazama yeye badala ya njia.

Kisha asubuhi moja Orwa alirudi kibandani na pikipiki inayovuja. Bitutu aliinama, akapapasa vifuniko vya shokapu. Vilikuwa vimeng'atwa na koleo.

"Nani alifungua shokapu?"

"Njia ya Birongo, mpenzi, ina mawe..."

"Mawe ya Birongo hayana koleo. Nani?"

Orwa alikiri. Wenzake dukani walikuwa wamemcheka, eti anatengenezewa pikipiki na demu. Naye akaipeleka kwa fundi Jasper, mjini, "ahakikishe tu." Jasper alikuwa ameongeza oili kwa kukisia.

"Ahakikishe nini?" Bitutu alisimama, spana mkononi. Wateja wengi walikuwa wamemuuliza fundi yuko wapi, naye akawajibu na kusahau. Hili halikusahaulika. "Siku nikikupikia, utampelekea Jasper aonje kwanza? Mdomo wangu unaupenda, mikono yangu unaionea haya!"

Aliisukuma pikipiki hadi barabarani. Tangu hapo simu za Orwa ziliita hadi zikakatika.

Dukani, rafiki yake Nyangate alicheka. "Fundi amekufukuza?"

Orwa aligonga meza. "Yule alipima, Jasper alikisia, na mimi nikacheka pamoja nanyi! Usimtaje tena kwa mdomo huo!"

Nyangate akarudi kwenye rafu za dawa.

Orwa aliipakia pikipiki kwenye pikapu, akaipeleka hadi Keumbu. Soko lilikuwa limejaa. Alisimama mbele ya kibanda, jasho likimtoka.

"Nilipeleka pikipiki kwa mwingine kwa sababu nilimwonea haya fundi wangu. Yeye hakukosea. Mimi ndiye niliyekosa."

Bitutu hakuinua kichwa. "Sema tena. Yule wa ndizi hajasikia."

Akasema tena, kwa sauti.

"Nimesikia, mwanangu!" muuza ndizi aliita. "Bitutu, mwache basi!"

Bitutu aliichukua pikipiki. Alifanya kazi yote kama mwanzo: sili mpya, oili, rula upande huu, rula upande ule. Orwa alichuchumaa kando yake.

"Bitutu, nataka kwenda kwenu, niongee na wazazi wako."

"Hasira bado ninazo."

"Najua. Nitakuja ukiwa nazo hivyo hivyo."

Bitutu alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akamtazama usoni.

"Njoo. Lakini wakikuuliza nafanya kazi gani, nataka niwe nimekaa palepale nikusikie unavyojibu."