Makofi Ndani ya Gari

Nkunzimana, rafiki yangu dereva wa Kibondo, hapendi kulisimulia hili. Alfajiri moja yenye ukungu mzito alikuwa akimwahisha mkewe, Esteri, msibani Kasulu. Rimoti ikagoma, betri ya gari ilikuwa imekufa fofofo. Akachomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, akapapasa tundu la mlango gizani.

Humo ndani ya gari tupu yakalia makofi, taratibu, kama mama wa Kiha anavyosalimia. Adabu ikaitangulia akili: naye akainama, akapiga makofi. “Mwakeye, mama.”

“Baba Gentille,” Esteri akanong'ona nyuma yake, “unamwitikia nani?”

Ufunguo alikuwa bado hajauzungusha. Kitufe cha mlango wa nyuma kikainuka: tak.