Sweta la Mwisho wa Gati

Safari ya meli ilikuwa zawadi kutoka kwa watoto wake, na Kisirani alikuwa ameshaichoka. Jina hilo alibandikwa na mdogo wake tangu utotoni, kwa utani, maana dada huyu akiamka huanza kwa kugombana na mto wake. Siku hiyo aligombana na mvua, na foleni ya ngazi, na hata bandari yenyewe: kijimji cha kaskazini, mbao na mawe matupu, jua limekaa ukingoni mwa bahari linakataa kuzama.

"Mama, leo zamu ya nani kufokewa?" mlinzi wa ngazini akamtania. Humo melini, ukimtoa mdogo wake, ndiye pekee aliyejua lugha yao.

"Zamu yako," akajibu, akapita.

Alishuka kwa jambo moja tu. Mdogo wake alikuwa haoni tena, na baridi ilimtafuna kule chumbani mwao melini. Amtafutie sweta, arudi kabla meli haijaondoka.

Duka la kwanza limefungwa. La pili limefungwa. La tatu lina kofia tupu. Miguu imelowa, jioni yenyewe haiishi... Mwisho wa gati akaona mlango uko wazi.

Ndani kulinuka sufu mbichi na samaki wa juzi. Mwanamke mmoja alikuwa anafuma, kichwa chini. Kisirani akaomba sweta; yule akauliza ni la nani. Basi Kisirani, aliyekuwa amejaa mpaka kooni, akajimwaga: la mdogo wangu, haoni, ananijua kwa sauti na kwa mkono tu, kutwa kucha Dada maji, Dada nishike, Dada usiende mbali.

"Laiti ningepata wa kunipokea zamu," akasema, "hata jioni moja."

Sindano zikanyamaza.

"Nitakupokea."

Sweta lilikuwa la kijivu, zito. Ndugu hawa mwili wao ni kipimo kimoja, kwa hiyo Kisirani akavua mtandio ili alijaribu, akavua na kadi ya meli iliyoning'inia shingoni, akampa mwenye duka amshikie. Akaingiza mikono. Akaingiza kichwa.

Kichwa hakikutoka.

Akavuta. Sufu ikamjaa mdomoni. Giza... Akasikia mtu anakohoa karibu yake. Kikohozi chake mwenyewe. Kisha viatu vikatoka nje, bila haraka, vikiburuta mguu wa kushoto kama anavyouburuta yeye.

Alipojinasua, dukani hapakuwa na mtu. Wala mtandio. Wala kadi.

Ndipo lilipomwingia: yule mwanamke alimjibu kwa lugha ya nyumbani.

Akalitupa sweta, akakimbia kadiri mguu ulivyomruhusu. Pale ngazini mlinzi akamtazama, akaitazama mashine inayolia kila kadi inapopita.

"Mama, si umepanda sasa hivi? Tena leo umenichekea."

Akamfokea. Akamwambia aache upuuzi, amfungulie. Mlinzi akataka kadi. Kadi hana. Mwishowe mlinzi akapiga simu chumbani, na Kisirani akaisikia sauti ya mdogo wake, imetulia, ikisema Dada yuko hapa, anamkanda miguu.

Mlinzi akaishusha simu polepole. Akampandisha, akafungua mlango kwa ufunguo wake.

Mdogo mtu alikuwa kitandani peke yake, mtandio umemfunika miguu, kadi juu ya mto. Bafuni maji yalikuwa yanatiririka. Mlinzi akachungulia, akafunga bomba, akatoka. Hakutania.

Harufu ilikuwa ile ile. Sufu mbichi, na samaki.

Meli ikapiga honi. Ikaondoka.

"Mdogo wangu, ni mimi." Akampa mkono.

Mdogo mtu akavipapasa vidole, kimoja kimoja. Halafu akauondoa mkono wake.

"Yule hakunifokea," akasema.

Maneno yalimpanda Kisirani mpaka ncha ya ulimi, akayameza. Akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba hakuna yule, humu wako wawili tu, tangu mwanzo.

Mdogo wake akageukia ukutani, upande ambao kitanda kimebana hata karatasi haipiti. Akanyoosha mkono. Vidole vikajifunga juu ya kitu, taratibu, na kidole gumba kikaanza kukibembeleza.

"Mwambie atoke, Dada," akaunong'oneza ukuta.