Sukari Nyumbani kwa Nikodemo

Nikodemo alikuwa muuzaji wa duka la kijiji cha ujamaa pale Malindi ya milimani. Zamani alikuwa mpasua mbao huko Shume. Siku zile alipanda na kushuka milima kutwa, na mwili wake ulikuwa mkakamavu. Tangu kijiji kimkabidhi duka, alishinda kitini. Asubuhi alikunywa chai ya vijiko vitano vya sukari, akala na maandazi manne. Mchana alikunywa soda. Jioni alikunywa dengelua, ile pombe ya miwa.

Tumbo lake likawa kubwa. Watu walimsifu. Hata mkewe Raheli aliona fahari. Mume akinenepa, husemwa ametunzwa vizuri.

Kisha Tobia, kaka yake Nikodemo, akafa.

Kwa miaka miwili Tobia alikuwa na kiu isiyokwisha. Alikunywa maji mengi na kukojoa kila mara. Alikonda. Kidonda kidogo mguuni kilikataa kupona. Ndugu walisema amerogwa, wakamzungusha kwa waganga. Alipofikishwa hospitali, daktari alisema ni ugonjwa wa sukari, na mguu ulikuwa umekwisha kuoza. Walimkata juu ya goti. Siku ya tisa akafariki.

Makaburini Raheli alimtazama mumewe. Nikodemo alikuwa akihema kwa kupanda kilima kifupi tu. Raheli aliingiwa na hofu.

Matanga yalipokwisha alimwambia, "Baba Esta, twende zahanati."

"Mimi siumwi."

"Hata Tobia alisema hivyo hivyo. Twende."

Muuguzi wa zahanati alikuwa Mama Mwanamisi, mtu mzima mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, Mama," walisema.

"Marahaba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mama, ugonjwa wa shemeji yangu unaambukiza?" Raheli aliuliza.

"Ugonjwa wa sukari hauambukizi. Lakini hutembea katika ukoo. Mwenye ndugu aliyeugua, akinenepa tumboni na kukaa bila kazi ya mwili, yumo hatarini."

"Sukari inatoka wapi?" Nikodemo aliuliza.

"Chakula tunachokula hugeuka sukari ndani ya damu. Mwili huitumia kupata nguvu. Unene ukizidi, mwili hushindwa kuitumia. Basi hujaa katika damu, ikaharibu macho, figo na miguu."

Mama Mwanamisi alitia matone ya mkojo wa Nikodemo katika dawa ya buluu, akaichemsha ndani ya kichupa.

"Ikiwa nyekundu kama tofali, sukari ni nyingi," alisema.

Raheli hakupepesa macho. Dawa ilichemka, ikabaki buluu.

"Leo sikuona sukari," alisema Mama Mwanamisi. "Lakini usijidanganye. Bado una nafasi ya kujikinga, itumie. Acha soda na dengelua. Chai unywe bila sukari. Ugali uwe kidogo, mboga na maharage yawe mengi. Maandazi usiyafanye chakula cha kila siku. Na utembee kila siku mpaka utoke jasho. Urudi nikupime tena."

Kuanzia siku hiyo Raheli alipika mnavu, kabichi na maharage. Kila alfajiri Nikodemo alikwenda kulima shamba la ujamaa kabla ya kufungua duka. Wiki za kwanza alikuwa mkali. Chai aliiona chungu. Siku moja Raheli alimkuta akinywa soda nyuma ya duka. Hakumgombeza. Alilia tu. Nikodemo akaiweka chini chupa.

Baada ya miezi mitatu alianza kupungua. Maneno yakazuka kijijini. Mama yake, Bibi Elizabeti, alikuja amefura.

"Raheli! Mmoja nimemzika. Na huyu unamwua kwa njaa?"

Raheli aliinamisha kichwa.

"Mama," alisema Nikodemo, "sishindi na njaa. Huyu ananilinda. Tobia tulimchelewesha sisi wenyewe. Tulimtafutia mchawi, hatukumpeleka zahanati."

Bibi Elizabeti alikaa chini polepole. Machozi yalimtiririka. Hakuna aliyemharakisha. Raheli alimletea uji, akaketi karibu naye.

Mwaka ulipotimia, Nikodemo alipanda mpaka Shume bila kupumzika njiani. Mama Mwanamisi alimpima tena, hakuona sukari.

"Endelea hivyo hivyo," alisema, "na uje kila mwaka."

Jumatatu iliyofuata Bibi Elizabeti alipita mlangoni kwa Raheli. Alivaa nguo zake za kanisani. Nyuma yake walikuwa mabinti wawili wakubwa wa marehemu Tobia.

"Mama, mnakwenda wapi mapema hivi?" Raheli aliuliza.

"Kwa Mama Mwanamisi," alijibu Bibi Elizabeti. "Hawa sitawachelewesha."