Mgeni wa Kabatini

Kabati liligongwa kutoka ndani, taratibu, kwa adabu, kama anavyogonga mtu aliyelelewa vizuri. Polikarp, ambaye tangu azaliwe kule Kasense, Ufipa, hajawahi kuacha hodi ipite bila jibu, akapiga makofi mawili ya upole kama Wafipa wanavyosalimu, akasema, "Karibu ndani."

Ndipo akakumbuka kwamba yuko Kopenhageni, ghorofa ya tano, na kwamba ndani ya lile kabati hamna kitu ila koti lake la kuazima.

"Balozi!" Saad akaangua kicheko kitandani kwake. "Umekaribisha kabati!"

"Bora mimi niliyekaribisha kabati kuliko wewe uliyemwamkia lifti shikamoo," Polikarp akajibu. Wakacheka wote. Ila vinyweleo vya mikono yake havikucheka.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Walitumwa kutoka Rukwa kujifunza mashine za kusaga nafaka kwa ajili ya vijiji vya ujamaa: Saad kwa sababu alikuwa fundi, Polikarp kwa sababu alikuwa balozi wa nyumba kumi, hajui mashine hata moja lakini anajua kukaa mkutanoni bila kusinzia. Bi Mwantum, mama yake Saad, mwenye duka la vitenge Sumbawanga mjini, aliwafuata mpaka kwenye basi. "Unaondoka na mwanangu, Balozi," alisema, hajamwachia mkono. "Urudi naye mzima."

"Nitarudi naye, mama, na kucha zake zote."

Hoteli ilikuwa katikati ya mji, ya kampuni yenye hoteli kila pembe ya Ulaya, zote zimefanana kama nyumba za kijiji kipya. Zamani lazima ilikuwa ya fahari. Sasa zulia lilikuwa limenyonyoka kama mbuzi mwenye upele, mabomba ya joto yanakohoa, na jua la mji ule nalo ni la mgao: alasiri haijaisha, giza limeshaingia.

Katika giza hilo la alasiri ndimo ilimokuja harufu. Zulia lililolowa, na nyuma yake moshi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kiti cha kona kikabonyea katikati. Hakikuinuka.

"Jini hilo," Saad akanong'ona.

Polikarp akatoa rozari, akaanza litania, akiwataja watakatifu mmoja mmoja.

"Utuombee," kitu kikaitikia kutoka kitini, vizuri kabisa, na kwa lafudhi ya Kasense.

Waliomba kwa ishara wahamishiwe chumba kingine. Mtu wa mapokezi akatabasamu, akatikisa kichwa. Mama wa usafi aliacha taulo sakafuni nje ya mlango, hakuvuka kizingiti. Na Saad, kijana aliyekuwa akifungua injini huku anaimba, akaanza kulegea. Aliacha kuimba. Akaacha kuswali. Kila jua lilipozama aligeuza kiti chake kikatazamana na kile cha kona, akawa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea posa.

Siku ya mwisho, Polikarp akafunga mizigo. "Bwana Saad, simama. Kesho tunarudi nyumbani."

"Sirudi."

"Na mama yako?"

"Mama yupi?" Saad akauliza, na pumzi yake ilinuka zulia lililolowa.

Hapo Polikarp alitaka kukimbia, asimdanganye mtu, miguu yake ilikuwa imeshaelekea mlangoni peke yake, lakini akauona mkono wa Bi Mwantum pale kwenye basi, akaona jinsi atakavyosimama mbele ya duka lile na kusema mwanao nimemwacha, na taa ikafifia, na mabomba yakaacha kukohoa yote kwa pamoja, na baridi ikampanda kutoka nyayo mpaka kwenye meno, na badala ya kukimbia akajikuta ameketi kitandani, mbele ya kile kiti kilichobonyea, akafanya kazi pekee aliyoijua duniani, ya balozi kumhoji mgeni.

"Ndugu mgeni," akasema. "Umetoka wapi? Umefikia kwa nani? Unaondoka lini?"

Midomo ya Saad ikafunguka, sauti haikuwa yake. "Mgeni ni wewe. Mimi ndiye mwenyeji hapa."

"Mwenyeji gani anapiga hodi chumbani kwake?"

Polikarp akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Uligonga, mimi nikakukaribisha, ukaingia. Basi mgeni ni wewe. Umekaa, umekula nguvu za kijana wa watu, jembe hujashika. Kwetu mtu wa hivyo anaitwa mnyonyaji. Inuka, nikusindikize."

Kiti kikainuka. Saad akaanguka kitandani akikohoa, akimwita mama yake.

Polikarp akafungua mlango. Kitu chenye baridi, chenye vidole, kikamshika mkono, wakatembea pamoja ukumbi mzima, wakashuka ngazi, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama unamchukia, na Polikarp hakugeuza shingo. Barabarani mkono ukamwachia. Akashusha pumzi, akapiga makofi yake mawili.

"Safari njema," akasema. "Karibu tena."

Neno lilimtoka kabla hajaliuma.

Bi Mwantum alimpokea mwanawe, akamkagua mbele na nyuma kama kitenge, akalia, akampa Polikarp doti mbili za kumpelekea Zita, mkewe. Mvua zikaja. Wakati wa kupiga matuta, jioni moja, ghala la ulezi likagongwa kutoka ndani, taratibu, kwa adabu. Nyumba ambayo haijawahi kuona zulia ikanuka zulia lililolowa.

Zita akafumbua mdomo aitikie. Polikarp akamziba.

"Najua ni wewe," akasema mbele ya ghala. "Nilikukaribisha, sikatai. Lakini hapa ni Ufipa, na hapa mgeni analima." Akaegemeza jembe kwenye mlango wa ghala, akaingia kulala, kama kule kukodoa macho kunaitwa kulala.

Asubuhi jembe lilikuwa na udongo mbichi. Shambani, kati ya matuta ya mviringo ya Kifipa, palikuwa na tuta moja jipya, refu, la kimo cha mtu. Cha Polikarp kabisa. Alilala kando yake akajipima.

Akainuka, akajipangusa matope.

"Zita!" akaita. "Lete mbegu za maharage. Tuta limepigwa vizuri."