Matuta Yaliyonyooshwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya usafi, Fausta alipitia kwanza bustanini. Hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa darasa la sita, mwenyekiti wa klabu ya mazingira, na bustani ile aliiona kama yake kabisa. Shule yao ilijengwa miguuni mwa Milima ya Udzungwa, na bustani ilikuwa nyuma ya madarasa, pale ardhi inapoanza kupanda. Ukitazama chini unaona majaruba ya mpunga yametandaa bondeni kuelekea Ifakara mpaka macho yanachoka. Ukigeuka, mlima umekusimamia puani.

Chini kidogo ya bustani, ng'ambo ya uzio wa minyaa, palikuwa na kitalu cha Bibi Brigitha. Miche yake ya mpunga ilikuwa imeota vizuri, na kila alfajiri bibi huyo alisimama pale akifukuza ndege kwa kelele ambazo zingeamsha kijiji kizima.

"Shikamoo, Bibi!" Fausta aliita.

"Marahaba, mwenyekiti! Na huyo kivuli chako hajambo?"

Kivuli alikuwa Firdausi, binti wa Mzee Kheri mwenye duka la barabarani. Wasichana hao walikalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Ukimwona mmoja peke yake, ujue mwingine anaumwa.

Mwalimu Obadia, aliyefundisha sayansi, alikuwa amewaeleza jambo ambalo watoto wa mpunga hawalijui. Bondeni ardhi ni tambarare, kila mstari unavutwa kwa kamba ukanyooka. Mteremkoni mambo ni mengine. Siku moja aliwapandisha hadi kwenye korongo ambako maji yalikuwa yamekata ukingo, akawaonyesha. Chini kabisa palikuwa na mwamba mgumu wenye mistari myeupe na myeusi. Juu yake kulikuwa na mawe yaliyooza, ukiyafinya yanavunjikia mkononi. Kisha ukaja udongo mwekundu. Na huko juu kabisa palikuwa na udongo mweusi usiozidi urefu wa kiganja.

"Huu mweusi ndio unaotulisha," Mwalimu alisema. "Mwamba ule ulioza taratibu, miaka isiyohesabika, mpaka tukapata hiki kidogo. Maji yakipata njia iliyonyooka kushuka, yanaondoka nacho. Kwa hiyo hapa hatulimi kuelekea chini. Tunalima tukiukata mteremko kwa ubavu."

Akawatengenezea kipimo: miti miwili iliyofungwa juu na kijiti katikati, kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia. Jiwe likitulia kwenye alama ya katikati, basi miguu yote miwili ya kipimo iko usawa mmoja. Unachomeka kigingi, unasogea, unapima tena. Klabu nzima ilijaribu, lakini Fausta ndiye aliyekuwa na subira ya kungoja jiwe litulie. Kwenye mistari aliyoipima alitandaza nyasi kavu, wakazifukia na kuinua matuta ya mwanzo juu yake.

Matuta yakatokea yamepinda, yakifuata mwili wa mlima.

"Jamani, haya matuta yamekunywa pombe!" Joshua, mchekeshaji wa klabu, alisema, na watoto wakaangua kicheko. Fausta naye alicheka. Firdausi hakucheka hata kidogo.

"Wageni wa mashindano ya bustani wanakuja," alinong'ona. "Watatuona hatujui hata kunyoosha mstari."

"Watajua sisi ndio tunaojua," Fausta alijibu, akaendelea kuchomeka vigingi. Wazo la kumtilia shaka rafiki yake halikumpitia kabisa.

Wiki hiyohiyo malaria ikamwangusha Fausta. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili na jua likiwaka nje. Firdausi alikuja kumwona, amemletea machungwa kutoka dukani kwa baba yake. Alimmenyea moja, akamlisha kipande kimoja kimoja kama mtoto mdogo.

"Bustani je?" Fausta aliuliza.

"Usijisumbue. Tunamalizia matuta."

"Mmefuata vigingi?"

"Vigingi vyako vilevile. Mimi si nipo?"

Fausta alifumba macho, akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu augue.

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku ya wageni. Ilinyesha ile mvua ya Udzungwa isiyobisha hodi, inayomwagwa tu. Asubuhi Fausta alikuwa amepata nafuu, akaenda shule polepole akimshika mdogo wake bega. Hata kabla hajafika alisikia sauti ya Bibi Brigitha, na leo haikuwa ya kufukuza ndege.

Loo! Bustani ilikuwa imechanika. Matuta yalikuwa yamenyooka kama reli, yote yakitazama bondeni, na katikati ya kila mawili maji yalikuwa yamechimba mfereji hadi kwenye udongo mwekundu. Udongo mweusi haukuwepo. Ulikuwa umevuka uzio pamoja na mchanga na mawe, ukakifunika kitalu cha Bibi Brigitha chote. Ncha chache za kijani zilichungulia pembeni.

"Miche yangu!" Bibi alikuwa akimwambia Mwalimu Obadia, mikono yake imejaa tope. "Mbegu sina tena. Msimu ndio huu. Wajukuu wangu watakula matuta yenu?"

Mwalimu aliwageukia wanaklabu, uso umemkauka. "Nani alipanga mistari hii nilipokuwa semina Ifakara?"

Firdausi, macho yakiwa chini, akasema, "Ni Fausta, Mwalimu. Fausta ndiye aliyepima."

Fausta alisubiri mtu acheke. Alisubiri Joshua aseme kitu, maana Joshua hajawahi kukosa la kusema. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alipata kitu cha kuangalia kwenye viatu vyake. Ndipo alipoelewa. Walikuwa wanajua wote. Wote walishika majembe.

"Fausta?" Mwalimu aliuliza.

Aligeuka, akaenda zake nyumbani, na hakuna aliyemfuata.

Wageni walipokuja wakaambiwa hakuna cha kutazama. Nyumbani Fausta alilia hadi mama yake akadhani homa imerudi. Hakulilia bustani. Alililia yale machungwa. Mtu anakulisha kwa mkono wake, anakutazama usoni, na huku matuta ameshayavunja! Angemtukana tu ingeuma kidogo kuliko hivyo.

"Utakaa hapa mpaka lini?" mama yake alimuuliza jioni. "Ukweli unao wewe. Nani atausema?"

"Wako wengi, mama. Mimi niko peke yangu."

"Basi usiende na maneno. Nenda na jembe."

Asubuhi Fausta alimwomba Mwalimu Obadia awaite wanaklabu na Bibi Brigitha. Hakueleza chochote. Alichagua tuta moja lililosalia, akalikata katikati, akachimba polepole mpaka akakutana na nyasi kavu zilizofukiwa. Akachimba kwenye tuta la pili, halafu la tatu. Kila mahali nyasi zilikuwepo, na zilipita chini ya matuta kwa ubavu, zikifuata mwili wa mlima. Mwalimu alileta kipimo, akakisimamisha juu ya nyasi zile. Jiwe likatulia katikati.

"Mistari ya Fausta hii hapa," Mwalimu alisema. "Iko sawasawa. Haya yaliyonyooka yalijengwa juu yake baadaye. Sasa nauliza mara ya pili, na mara ya tatu sitauliza."

Joshua alikohoa. "Mwalimu, sisi wote tulilima."

"Mimi ndiye niliyesogeza vigingi," Firdausi akasema. "Niliwaambia Fausta ameruhusu. Nilitaka wageni waone bustani nzuri. Yakaonekana mazuri kweli, hata baba aliwaonyesha wateja wake. Baadaye nikaogopa."

Fausta alidhani angefurahi kusikia maneno yale. Hakufurahi. Rafiki aliyekuwa naye tangu darasa la kwanza alikuwa amesimama mbele yake analia, na yeye alijisikia kama amefiwa.

"Haya, ukweli nimeusikia," Bibi Brigitha alisema. "Haupandikizwi, huo. Miche naipata wapi?"

Mwalimu alifikiri kidogo. Wakati wa kupandikiza, watu wengi hubakiwa na miche kitaluni, wakaiacha ikakauka. "Mtazunguka kijiji kuomba mabaki," aliamua. "Firdausi, kila nyumba utasema kwanza umefanya nini, ndipo uombe. Wengine mtabeba."

Firdausi alimsogelea Fausta. "Twende wote. Nisemee wewe, tafadhali. Wewe unaweza kusema mbele za watu."

"Nitabeba," Fausta alijibu. "Kusema, utasema mwenyewe."

Wakazunguka. Mlango wa kwanza Firdausi alisema kwa sauti ambayo hata kuku hawakuisikia, wakamwambia arudie. Wengine walimkaripia, wengine walimhurumia, na wengi walitoa. Mwisho zikabaki nyumba za upande wa barabarani, na ya mwisho kabisa ilikuwa duka la Mzee Kheri. Wateja walikuwa wamejaa kaunta. Firdausi alisimama nje muda mrefu, kisha akaingia, akamwamkia baba yake, akasema yote. Alisema hata lile la kumsingizia mgonjwa.

Mzee Kheri aliweka chini sukari aliyokuwa akipima. "Haya matuta ndiyo niliyojisifia hapahapa?" aliuliza. Alifunga duka mchana kweupe, akawapeleka mwenyewe kitaluni kwake, akavua viatu na kuanza kung'oa miche pamoja nao.

Kufikia Jumamosi jaruba la Bibi Brigitha lilikuwa limepandikizwa lote, na klabu ilikuwa imerudisha matuta kwa ubavu kwa udongo uliosalia. Udongo mweusi walioubeba kwa ndoo kutoka kitaluni kwa Bibi haukutosha hata nusu. Bibi aliwakalisha kwenye kingo za jaruba, akawagawia viazi vya kuchemsha.

"Sikilizeni," alisema huku akimenya. "Mlipokuwa mnayanyoosha yale matuta, kuna aliyejiuliza nani anakaa chini? Hakuna. Mlitazama wageni tu. Na mliponyamaza, mlidhani kunyamaza hakumgusi mtu. Uongo wenu ulianzia huko juu kwa vicheko, ukashuka kwa huyu mtoto kitandani, ukashuka mpaka kwangu. Siku nyingine, kabla hujapindisha jambo, angalia kwanza chini yako kuna nani. Na ukikuta umeshakosea, sema mapema, maji yakiwa bado madogo."

"Tumesikia, Bibi," walijibu.

Waliporudi, Firdausi alitembea kando ya Fausta, amebeba kipimo begani. "Umenisamehe?" aliuliza.

Fausta alitafuta jibu la kumfurahisha, akaliacha. Uongo wa wiki ile ulikuwa umetosha.

"Bado," alisema. "Lakini shika mguu wa upande huo. Kuna mistari haijapimwa."

Wakasimamisha kipimo kwenye mteremko, kila mmoja upande wake, wakangoja jiwe litulie.