Breki za Wifi

Muuza mayai, ambaye duka lake limepakana ukuta na karakana ya baiskeli, anadai kwamba fundi alilegeza breki kusudi. Huwaambia wateja wake hivyo huku akiinua yai moja moja kwenye mwanga. Anasema mawifi wawili hawapandi mlima pamoja kwa heri; kwamba fundi alimchukua dada wa mumewe hadi juu kabisa, akamtanguliza kwenye mteremko, kisha akasimama kando kumtazama akienda. "Kikulacho ki nguoni mwako," humalizia, na kuyafunga mayai kwa gazeti.

Breki zililegezwa kweli. Hilo hakulitunga.

Fundi ni mwanamke wa mikono mipana aliyeachiwa karakana na baba yake. Wifi yake ni mshonaji, binti mwembamba asiyeweza kupita mlango ulio wazi bila kuchungulia. Tangu barabara mpya ichongwe kuuzunguka mlima, ile ya zamani, iliyokatiza kwenye pengo baina ya vilele viwili, ilikuwa imeachiwa nyasi. Madereva wa zamani walisema pale juu kuna chemchemi moja yenye vijito viwili, kimoja kinateremka upande huu wa mlima, kingine upande wa pili.

"Maji yanajuaje pa kwenda?" mshonaji aliuliza, leo, kesho, keshokutwa, mpaka fundi akachoka.

"Jumapili nitakupeleka ukayaulize mwenyewe."

Walipanga wavuke, walale mji wa upande wa pili, warudi na basi. Palipoinuka sana walishuka wakasukuma. Njiani mshonaji alianza kulalamika.

"Wifi, baiskeli hii inanivuta nyuma."

"Ni uzito wako huo."

"Uzito upi? Upepo ukivuma mimi nashikilia nguzo."

Fundi alichutama, akazungusha gurudumu. Rimu ilikuwa imepinda kidogo kwa kugonga jiwe, na raba za breki zilikuwa zinaisugua. Akalegeza nyaya, ya mbele na ya nyuma, gurudumu likazunguka bila sauti. "Tukifika juu nikumbushe nizikaze."

"Nitakukumbusha."

Lakini macho hayana pazia. Walipofika kwenye pengo, mlima uliacha kupanda ghafla, pakafunguka uwanda wa nyasi fupi, na katikati yake kisima cha maji kisichozidi upana wa beseni. Mshonaji alilala kifudifudi akatazama. Maji yalitoka chini ya mwamba mmoja, yakagonga kijiwe cha ukubwa wa ngumi, yakagawanyika. Yaliyoelekea kwao yalipita juu ya mawe mekundu kama kutu. Yale mengine yalipita juu ya mawe ya kijivu. Alikiondoa kijiwe, maji yote yakakimbilia upande mmoja. Akakirudisha upesi, kama mtoto aliyegusa kitu cha watu.

Kisha akaona kitu kingine. Kwenye tope kulikuwa na alama ya tairi. Haikwenda upande huu wala ule. Iliambaa na mgongo wa mlima, kwenye kijia kilichopotelea nyuma ya kilele.

"Wifi, hii si yetu. Tairi zetu hazina meno hivi."

"Kumbe tuna mwenzetu mwenye wazimu," fundi alisema, na yeye akainama kutazama. Alipoinua kichwa, kilele kimoja hakikuwepo tena. Ukungu ulikuwa unapanda. "Twende, twende."

Mshonaji alitangulia kushuka upande wa pili, kama kawaida yake. Kwenye kona ya kwanza alibana breki, mikono ya breki ikaja mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Akaburuza soli ya kiatu. Kona ya pili ilikuwa ya kokoto. Baiskeli ilikwenda moja kwa moja, naye akaenda nayo.

Fundi hakusimama kando. Aliitupa baiskeli yake barabarani, akateremka gengeni kwa makalio, akishika mizizi. Alimkuta wifi yake amenaswa na kichaka, mguu umepinda chini ya goti, mahali pasipo na kiungo.

"Sikukukumbusha," mshonaji alisema.

"Nyamaza. Vidole unavihisi?"

"Navihisi. Afadhali nisingevihisi."

Fundi aliweka pampu ya baiskeli upande mmoja wa mguu, tawi lililonyooka upande mwingine. Akatoa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli iliyoanguka, akaukata mikanda kwa mkasi aliouchomoa mfukoni mwa mwenzake.

"Huo ni wa kitambaa, wifi. Utakuwa butu."

"Tutanunua mwingine. Uma kitu." Mshonaji akauma mkanda wa begi, fundi akanyoosha mguu na kufunga.

Barabara ilijipinda ikapita tena chini ya genge. Akamburuta hadi hapo, polepole, jiwe kwa jiwe, akitumaini kuendelea kushuka. Lakini mbele kidogo mlima ulikuwa umeporomoka ukaondoka na barabara nzima. Lami iliishia hewani, na chini ni weupe mtupu. Njia ilikuwa moja: kurudi juu. Usiku waliupitisha ndani ya karavati, bomba la kupitishia maji chini ya barabara, wamekumbatiana kwa baridi, wakikinga matone ya maji kwa kifuniko cha chupa. Mguu ulivimba. Alfajiri vidole vilikuwa vya rangi ya zambarau, na mshonaji alikuwa ameacha kutania. Fundi akajua kwamba wakilala pale tena, mguu hautateremka nao.

Aliifuata baiskeli yake juu alikoitupa. Kabla ya kufanya lolote alikaza breki, akazijaribu, akazijaribu tena. Akamkalisha mshonaji kwenye keria, mguu umefungwa kwenye fremu, akasukuma.

Juu kwenye uwanda, nyasi zilikuwa zimeimeza barabara, na ukungu umemeza nyasi. Fundi hakuweza kuona gurudumu la mbele vizuri. Alizunguka, akasimama. Kila upande ulifanana.

"Begi langu lina roli ya uzi," mshonaji alisema kwa sauti ndogo. "Funga kwenye usukani, uende nao. Mimi nitapiga kengele."

Fundi akamlaza kwenye nyasi kando ya baiskeli, akafunga uzi, akaenda akiufungua. Nyuma yake kengele ililia, ikanyamaza, ikalia. Uzi ulipokaribia kwisha alisikia maji. Kijito, kinateremka. Alirudi akikimbia, uzi ukimkata vidole.

"Nimepata maji. Tuyafuate, yatatushusha."

"Mawe yake yana rangi gani?"

"Mawe ni mawe, wifi."

"Yana rangi gani?"

Fundi hakuwa ametazama. Alikuwa amechoka, na mambo ya rangi ya mawe aliyaona ya mtu mwenye homa.

"Rudi ukatazame," mshonaji alisema. "Ya kwetu ni mekundu. Tafadhali."

Akarudi. Akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye maji, akatoa jiwe. La kijivu. Alilishika muda mrefu. Maji hayo yalikuwa yanaelekea kule barabara ilikoishia hewani.

Alifunga ncha ya uzi kwenye kichaka, akapanda na kijito, kinyume cha maji, akiisikiliza kengele isififie. Kisima kilikuwa hapo juu tu. Alikigusa kile kijiwe kwa ncha ya kidole, akavuka upande wa pili, akatoa jiwe jingine. Lilimwachia wekundu kwenye kiganja.

Wakashuka na maji mekundu mpaka barabara ikajitokeza kwenye nyasi. Fundi alitembea kando ya baiskeli, amebana breki zote mbili, rimu zikilia njia nzima, na mshonaji akipiga kengele kila alipokumbuka. Chini ya ukungu wanawake wawili waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe waliinua vichwa. "Nani anauza nini huku?" mmoja akauliza. Kisha akauona mguu, akatupa mundu.

Siku hizi mshonaji huketi karakanani, mguu wake wa plasta juu ya tairi kuukuu, akitia vifungo kwenye mashati ya watu. Asubuhi hii fundi ameitundika baiskeli ya wifi yake kwenye ndoano. Imepandishwa kutoka gengeni, imepata rimu mpya na nyaya mpya.

"Wifi."

"Mh."

"Wanasema ulitaka kuniua."

"Wanasema nani? Huyo wa mayai? Mwambie ningetaka kukuua nisingeharibu rimu nzuri."

Mshonaji alicheka, akakata uzi kwa meno. Mkasi mpya bado haujanunuliwa.

"Plasta ikitoka, nipeleke tena. Lile tairi lenye meno, nataka kujua lilikwenda wapi."

Upande wa pili wa ukuta, mayai yaliacha kugongana. Fundi alizungusha gurudumu kwa nguvu, likaenda mpaka spoku zikawa hazionekani. Akabana breki. Likasimama papo hapo. Akachukua spana, akakaza tena kidogo.