Nati Kwenye Sweta la Bonge

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimwogesha mdogo wake. Yeye aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Mdogo wake aliitwa Bonge kwa kuwa alizaliwa na mashavu ya kujaa. Siku hizi jina hilo lilikuwa linauma. Mbavu za Bonge zilionekana, na watoto wa rika lake walipokuwa wakitambaa uani, yeye bado aliegemezwa kwenye mto ili akae.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na sare za shule za watu zilimrundikia mezani. Alimnywesha Bonge uji mwepesi haraka haraka, akarudi kwenye kazi. Hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka, na hakuna aliyemwambia kwamba uji ule haukutosha.

Mara ya mwisho walipokwenda kliniki ya watoto, nesi aliinua kadi ya Bonge mbele ya foleni nzima.

"Mama, mstari wa uzito unashuka. Huyu unamlisha upepo?"

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Njiani mama alijifunika uso kwa mtandio akalia. Chiriku, aliyetembea nyuma yake, aliyaona yote.

Siku ya kliniki ilipokaribia tena, Chiriku alichota nati nene kwenye kopo la baba yake, fundi magari. Alizishona kwenye pindo la sweta zito la Bonge, kwa mishono aliyofundishwa na mama mwenyewe. Alijua kwamba msimu wa baridi watoto hupimwa wakiwa wamevaa nguo zao, na nesi hukadiria tu uzito wa nguo. Asubuhi alimvika Bonge sweta lile na kumbeba mwenyewe mgongoni, mama asije akahisi uzito.

Kliniki, Chiriku mwenyewe akamning'iniza Bonge kwenye mizani. Mshale ukasogea.

"Sasa umenisikia, mama," nesi akasema. "Mstari umepanda. Endelea hivyo hivyo."

Mama alirudi nyumbani akiimba, akaendelea hivyo hivyo, na uji ule ule. Muda si mrefu Bonge akaanza kuharisha.

"Mtoto apelekwe kwa daktari," baba akasema.

"Nesi mwenyewe kasema anakua. Ni meno tu, baba Chiriku."

Chiriku aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Akarudi uani na siri yake ya nati. Aliona aibu, na aliogopa kuifuta ile furaha ya mama.

Kisha ikaja asubuhi ambayo alimmwagia Bonge maji na Bonge hakulia. Alimtazama dada yake tu, kwa macho yaliyozama. Chiriku akamfunika taulo, akaenda naye mpaka kwenye cherehani.

"Mama, hakuongezeka. Zilikuwa nati. Nilizishona mimi."

Mama alilipapasa pindo la sweta lililokuwa limetundikwa ukutani. Hakupiga kelele wala hakumchapa. Alimchukua mtoto, akatoka mbio bila viatu.

Bonge alilazwa wodini. Alitundikiwa dripu, akalishwa maziwa maalumu kidogo kidogo, na mama akafundishwa kumpikia uji mzito wenye karanga za kusaga na yai. Siku zote hizo mama hakumsemesha Chiriku. Bora angechapwa, Chiriku aliwaza, akilia chini ya shuka.

Siku ya kuruhusiwa walipitia kliniki, na nesi yule yule, ambaye mama alikuwa amemweleza habari za nati, alimpima Bonge bila nguo. Kisha akawaita mama na Chiriku pembeni na kuweka kidole kwenye kadi.

"Nukta hii ya juu ni ya nati. Hii ya chini ndiyo ya mtoto. Atachelewa kukaa na kutembea, kwa hiyo mtamleta tumwangalie kwa muda mrefu." Akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, mizani haiwekwi hapa kumsifu mama wala kumsuta. Inatuambia mtoto ana shida gani. Ulipoificha shida ili mama asilie, uliwaficha pia wale ambao wangemsaidia. Ukweli unaoumiza useme mapema."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Na mimi nina kosa langu," nesi akaendelea kwa sauti ya chini. "Ningemwita mama yako pembeni siku ile, kama leo, usingeshika sindano. Nisamehe, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Aliitazama ile nukta ya chini.

"Iko chini," akasema, "lakini ni yake."

Akachukua kadi, akajitanda mtandio wake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya taulo, akamtazama binti yake.

"Mbebe mdogo wako, Chiriku. Twende nyumbani."